Kufundisha Sikio: Mafunzo ya Sauti za Moyo na Somo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika kazi yetu ya ualimu tunazungumza sana juu ya jicho na mkono. Tunawataka wanafunzi watazame ubao, watazame mchoro, waandike, wachore na walime. Juu ya sikio tunasema machache. Tunadhani kwamba mtoto mwenye masikio mazima husikia, na kwamba akishasikia amekwisha elewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Kusikiliza ni stadi inayofundishwa kama stadi nyingine yoyote, na walimu wa shule za msingi wanaweza kujifunza mengi juu ya jambo hili kutoka kwa watu wanaoonekana kuwa mbali nasi sana, yaani walimu wa madaktari.

Huenda mwanachuo akauliza: mwalimu wa Darasa la Pili ana shughuli gani na moyo wa mgonjwa? Jibu letu linatokana na mahali tunapofanyia kazi. Sisi tunafundisha katika kata ya Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Kutoka huku hadi Dar es Salaam, ambako madaktari wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1963 katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mtoto wa huku anayeugua moyo hukutana kwanza na mwalimu wake, kisha na tabibu wa zahanati, na baadaye sana, kama njia na fedha zipo, na daktari bingwa. Watu wawili wa kwanza katika msururu huo wasipokuwa na sikio lililofundishwa, huyo wa tatu hatamwona mtoto kamwe, au atamwona akiwa amechelewa.

Moyo unasema nini?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Moyo ni msuli wenye ukubwa unaokaribia ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne, na kati ya vyumba hivyo na mishipa mikubwa kuna vali, yaani vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmja tu. Vilango viwili vilivyo kati ya vyumba vya juu na vya chini vinapofungwa, hutoa sauti ya kwanza. Vilango viwili vilivyo kwenye milango ya mishipa mikubwa vinapofungwa, hutoa sauti ya pili. Sauti ya kwanza ni nzito na ndefu kidogo. Ya pili ni fupi na kali zaidi. Anayeweka sikio kifuani husikia mfuatano huu: du-ta, kisha kimya kifupi, du-ta, kisha kimya. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hufanya hivyo zaidi ya mara 100,000 kwa siku.

Ugumu unaanzia hapo. Vali ikiwa imekakamaa au haifungi sawasawa, damu hupita kwa nguvu katika tundu dogo au hurudi nyuma, na pale palipokuwa na kimya husikika mvumo. Mvumo huo unaweza kuwa kati ya sauti ya kwanza na ya pili, au baada ya ya pili. Unaweza kuwa laini kama pumzi ya mtu aliyelala, au mkali kama upepo unaopita mlangoni. Mahali unaposikika zaidi kifuani, wakati unapotokea, na jinsi unavyobadilika mgonjwa anapolala au kukaa, yote hayo ni habari kwa daktari. Lakini yote hutokea katika muda ulio mfupi kuliko sekunde moja, na sauti zenyewe ni ndogo mno.

Daktari Mfaransa Rene Laennec ndiye aliyebuni chombo cha kusikilizia moyo, mwaka 1816 mjini Paris. Alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani mwa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akasikia vizuri kuliko alipokuwa akiweka sikio moja kwa moja mwilini. Baadaye akachonga bomba la mti, na mwaka 1819 akachapisha kitabu kikubwa juu ya aliyoyasikia. Tunaomba mwanachuo aangalie jambo hili: zana ya kwanza ilikuwa karatasi iliyokunjwa. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni sikio lililojua kutenganisha sauti na sauti.

Kwa nini mwanasesere?

Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya Laennec, mwanafunzi wa udaktari alijifunza sauti za moyo kwa njia moja tu. Mwalimu alimpeleka kando ya kitanda cha mgonjwa, akasikiliza, akasema, "Kuna mvumo hapa," kisha akampa mwanafunzi chombo. Mwanafunzi alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akampa mwenzake. Kama kweli alikuwa amesikia, au alikuwa amekubali tu kwa aibu, hakuna aliyejua.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro tatu. Ya kwanza, mwanafunzi alijifunza ugonjwa ule tu ambao mgonjwa wake alikuwa ameletwa hospitalini wiki ile. Ugonjwa adimu angeweza kumaliza masomo bila kuusikia. Ya pili, mgonjwa huchoka. Huwezi kumwambia mtu anayehema kwa shida akae kifua wazi wanafunzi ishirini wamsikilize mmoja baada ya mwingine, tena warudie. Ya tatu, mwalimu hakuwa na njia ya kusikia kile mwanafunzi alichosikia, kwa hiyo hakuweza kumsahihisha.

Mwaka 1968 daktari Michael Gordon wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, alionyesha hadharani sanamu ya mtu ambayo kifua chake hutoa sauti za moyo, mishipa yake hupiga, na kifua hupanda na kushuka kama cha mtu anayepumua. Mwalimu akibadilisha mtambo, sanamu ile ile huwa mtu mzima wa afya, kisha mgonjwa wa vali hii, kisha wa vali ile. Gordon aliipa sanamu yake jina la Harvey, kwa heshima ya mwalimu wake, W. Proctor Harvey wa Chuo Kikuu cha Georgetown, aliyesifika kwa kufundisha usikilizaji wa moyo. Tunaona fahari kulitaja jambo hili mbele ya walimu: chombo kilichoenea katika vyuo vingi vya udaktari kinaitwa kwa jina la mwalimu.

Harvey haugui, hachoki, wala haoni haya. Mwanafunzi anaweza kusikiliza mvumo mmoja mara mia. Anaweza kukosea bila kumdhuru mtu. Wanafunzi kadhaa wanaweza kusikia sauti ile ile kwa wakati ule ule, na mwalimu akajua hasa ni nini kinachosikika. Kasoro zote tatu tulizozitaja zinapunguzwa.

Je, mafunzo hayo yanasaidia?

Mwalimu mzuri haamini zana kwa sababu ni mpya au ni ghali. Huuliza kama mwanafunzi amejifunza. Tutazame basi majaribio machache.

Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vyuo vitano vya udaktari vya Marekani. Wanafunzi waliofundishwa kwa Harvey walilinganishwa na wenzao waliofundishwa kwa wagonjwa peke yao. Wale wa Harvey walifanya vizuri zaidi, na siyo katika kuisikiliza sanamu tu, bali hata walipopewa wagonjwa halisi. Hilo ni jibu la kutia moyo.

Hata hivyo, zana hazikuleta uhodari kila mahali. Mwaka 1997 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha uchunguzi wa madaktari vijana zaidi ya 450 waliokuwa katika mafunzo ya juu. Walisikilizishwa sauti 12 za moyo zilizorekodiwa. Kwa wastani walitambua sauti moja tu katika kila tano. Hawa ni watu waliokwisha hitimu chuo cha udaktari katika nchi yenye mali nyingi! Walikuwa na vyombo. Walichokosa ni mazoezi ya kutosha.

Mwaka 2004 watafiti wengine walijaribu jambo rahisi sana. Waliwapa wanafunzi wa udaktari rekodi za mivumo minne ya msingi, wakawataka wasikilize kila mvumo mara 500. Walipopimwa baada ya hapo, uwezo wao wa kutambua mivumo hiyo ulikuwa umepanda sana kuliko mwanzo. Hapakuwa na sanamu ya thamani. Palikuwa na rekodi, sikio na subira.

Mwaka 2009 ukaja utafiti ambao sisi tunauona kuwa ni muhimu kuliko yote kwa mwalimu wa mahali kama Kasekese. Wanafunzi waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilifundishwa sauti za moyo kwa Harvey, na jingine kwa rekodi za sauti tu. Baadaye wote walipimwa kwa wagonjwa halisi. Haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo.

Tunajifunza nini? Kwamba uigaji una nguvu, lakini nguvu yake haimo katika bei ya sanamu. Imo katika mambo manne: mwanafunzi asikie kitu kilicho wazi, akisikie mara nyingi, aambiwe papo hapo kama amepata au amekosa, na mwishowe akutane na mtu halisi.

Mfano wa nyumbani: Haydom

Tusiishie Marekani. Hapa Tanzania tunao mfano ambao ulimwengu mzima umejifunza kwao, nao unahusu watoto wachanga.

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja tu ya kumsaidia. Humkausha, humsisimua, na ikibidi humpulizia hewa kwa mfuko na kinyago, huku akishika kitovu ili ahesabu mapigo ya moyo. Ili wakunga wajifunze stadi hiyo bila kujaribia juu ya mtoto, limetengenezwa sanamu jepesi la mtoto linalojazwa maji ili liwe na uzito kama wa mtoto halisi. Mwalimu akibonyeza kipira kidogo, kitovu cha sanamu hupiga kama moyo. Akibonyeza kingine, kifua huinuka. Si mtambo wa umeme. Mafunzo haya yalijaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Lakini habari ya Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mkoa wa Manyara, ndiyo inayotufundisha ualimu. Mwaka 2010 wahudumu wa hospitali hiyo walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa. Mbele ya sanamu walifanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini katika chumba cha kuzalia, mbele ya mtoto halisi, utendaji wao haukuwa umebadilika. Walikuwa wamefaulu mtihani bila kubadilisha kazi.

Tunaomba mwanachuo alisome tena sentensi hilo la mwisho, kwa maana linatuhusu sisi sote.

Viongozi wa mafunzo hawakutupa sanamu, wala hawakuwalaumu wakunga. Walibadilisha njia. Kuanzia mwaka 2011 waliiweka sanamu pale pale kazini, na wahudumu wakafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, wakiongozwa na wenzao wa hapo hapo, pamoja na marudio marefu kidogo mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka karibu 11 hadi karibu 7 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Haba na haba hujaza kibaba: dakika tano za kila wiki zilifanya kazi ambayo siku nzima ya mara moja haikuifanya.

Tangu hapo kazi hiyo imepanuliwa hadi hospitali na vituo vya afya 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Miongoni mwa vyombo vilivyofanyiwa utafiti katika hospitali zetu ni kifaa kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto aliye tumboni, ambacho watengenezaji wake wa Norway walikipa jina la Kiswahili: Moyo. Kabla yake mkunga alitumia, na wengi bado wanatumia, tarumbeta ndogo iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Huweka mdomo mpana tumboni mwa mama na sikio upande wa pili, akahesabu kama mapigo yamo kati ya 110 na 160 kwa dakika. Kifaa kipya humwonyesha hesabu kwa tarakimu. Ni msaada mkubwa, lakini mtu anayejua kwa nini anahesabu ndiye atakayeamua la kufanya hesabu ikishuka.

Somo kwa chuo cha ualimu

Sasa turudi katika kazi yetu. Mwanachuo hupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha kwa majuma kadhaa. Kabla ya hapo amesikiliza mihadhara mingi juu ya mbinu, na huenda amepata alama nzuri katika mtihani wa mbinu. Anafika Kasekese, anaingia darasani, na mbele yake wamekaa watoto wengi, baadhi yao wakizungumza Kisukuma, Kibende au Kifipa nyumbani, na Kiswahili wakikijifunzia shuleni. Hapo hufanyika kile kilichofanyika Haydom baada ya mafunzo ya siku moja: yale aliyoyaweza chuoni hayaonekani darasani.

Maoni yetu ni kwamba kosa si la mwanachuo. Hajapewa mazoezi ya aina inayofaa. Mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilianzishwa njia ya kufundisha vipindi vidogo: mwalimu mwanafunzi hufundisha stadi moja kwa dakika chache mbele ya watu wachache, husahihishwa, hufundisha tena. Vyuo vyetu vinaijua njia hiyo. Lakini mara nyingi hutumiwa mara moja au mbili ili kupata alama, kisha husahauliwa. Sisi tunapendekeza ifanywe kama wanavyofanya wakunga wa Haydom: kila wiki, kwa dakika tano hadi kumi, kwa vikundi vidogo, tangu muhula wa kwanza hadi wa mwisho. Haihitaji fedha. Inahitaji ratiba na mkufunzi anayeamini kwamba jambo dogo linalorudiwa ni kubwa.

Tena, wenzake wanaoigiza wanafunzi waigize kwa uaminifu. Harvey anafaa kwa sababu anaweza kuwa na ugonjwa ambao mwanafunzi hajawahi kuukuta. Wanachuo wakiigiza watoto wanaojua kila jibu, hawamfundishi mwenzao kitu. Mmoja na awe mtoto asiyesema. Mwingine na awe mtoto anayejibu upesi na kukosea kila mara. Wa tatu na awe yule anayenakili kwa jirani, nawe usijue kwamba hajui kusoma. Hizo ndizo sauti za ziada za darasa, na mwalimu lazima azizoee kabla hajazikuta kwa watoto wenyewe. Si haki mtoto wa Darasa la Kwanza awe ndiye sanamu ya majaribio yetu ya kwanza.

Njia hiyo hiyo inafaa katika kufundisha kusoma. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake haitofautishi sauti ya l na ya r hatatofautisha herufi hizo kwa kuambiwa mara moja kwamba amekosea. Mpe jozi: kula na kura, mahali na mahari. Zisikike zikiwa zimekaa pamoja, kama vile mwanafunzi wa udaktari anavyosikilizishwa moyo mzima na moyo mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Ainue mkono wa kulia akisikia hii, wa kushoto akisikia ile. Dakika tatu kila asubuhi, na umjibu papo hapo. Usimcheke. Sikio lake si bovu, halijapewa mazoezi.

Kipindi cha moyo katika Darasa la Tano

Hatutaki kuwaacha wasomaji na maneno matupu. Hiki hapa kipindi ambacho mwanachuo anaweza kukifundisha katika somo la sayansi kwa zana za hapa hapa. Tangu mwaka 1967, ilipotangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, tumeambiwa tutumie mazingira yetu. Hapa inawezekana kwa urahisi.

Kwanza, zana. Kata shingo za chupa mbili za plastiki upate faneli mbili. Tafuta kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa nusu mita hivi, uvipachike vidomo vidogo vya faneli kwenye ncha zake, ukaze kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mdomo mpana wa faneli moja ufunike kwa kipande cha puto kilichovutwa kikakazwa. Upande wenye puto hukaa kifuani, upande mwingine sikioni. Lainisha kingo zilizokatwa zisimkwaruze mtoto, na osha upande wa sikioni kwa sabuni kila unapobadilisha msikilizaji. Onya kwamba ni marufuku kupiga kelele ndani ya bomba. Kila mtoto asikilize moyo wake mwenyewe, juu ya nguo nyepesi, au wasichana wasikilizane wao kwa wao na wavulana vivyo hivyo.

Pili, mwigo kabla ya kitu halisi. Mwalimu agonge dawati au ngoma: du-ta, kimya, du-ta, kimya. Watoto wapige nao kwa vidole. Kisha abadilishe: aongeze mgongo wa tatu, au afanye haraka, au aruke pigo moja. Watoto wafumbe macho, na anayesikia badiliko ainue mkono. Baadaye mtoto mmoja achukue nafasi ya mwalimu. Mchezo huu huchukua dakika kumi, nao ndio Harvey wa Kasekese.

Tatu, kitu halisi. Watoto, wakiwa katika vikundi, wasikilize moyo na wahesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha wazidishe kwa mbili. Waandike. Wakimbie kuzunguka uwanja mara moja, wahesabu tena. Waandike. Wapumzike dakika tano, wahesabu mara ya tatu. Mtoto aliyekwisha sema kwamba hukosa pumzi asilazimishwe kukimbia. Yeye ndiye awe mtunza saa. Mwalimu achore jedwali ubaoni na kuuliza: kwa nini moyo ulikwenda mbio? Damu ilikuwa inapeleka nini miguuni? Hapo somo la sayansi na la hesabu yamekutana.

Watu wengine watasema kwamba huo ni mchezo, na kwamba darasa la watoto wengi haliwezi kufundishwa hivyo. Tunawajibu kwamba mabomba manne yanatosha darasa kubwa, vikundi vikipokezana huku vingine vikihesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Na ama mchezo, daktari hodari wa Miami hakuona aibu kucheza na sanamu.

Mpaka wa kazi yetu

Mwisho, tuseme jambo linalotufanya tuandike makala haya. Miongoni mwa magonjwa yanayoharibu vali za moyo liko moja linaloanza katika umri wa shule. Mtoto, hasa wa kati ya miaka 5 na 15, hupata maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria. Yasipotibiwa, baada ya majuma machache baadhi ya watoto hupatwa na homa ya rumatiki: viungo huvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka goti hadi kifundo, kutoka kifundo hadi kiwiko. Viungo hupona. Lakini vali za moyo zinaweza kubaki na kovu, na kila homa inayorudi huongeza kovu. Penisilini, dawa ya siku nyingi na isiyo ghali, inaweza kuzuia madhara hayo ikitolewa mapema.

Mwalimu si tabibu, na bomba la chupa si chombo cha kupimia ugonjwa. Mwanachuo asithubutu kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana mvumo. Lakini mwalimu humwona mtoto siku tano kwa juma, na tabibu huenda asimwone hata mara moja kwa mwaka. Mtoto aliyekuwa akikimbia na sasa hukaa chini ya mwembe. Mtoto aliyekosa shule kwa koo, kisha kwa goti, kisha kwa kiwiko. Mtoto anayehema kwa kubeba ndoo aliyokuwa akiibeba jana bila shida: huyo asiitwe mvivu. Aitwe mzazi wake, waelekezwe zahanati, na mwalimu aeleze kwa utaratibu aliyoyaona na tangu lini. Maelezo hayo ndiyo yatakayomfanya tabibu aweke chombo kifuani na kusikiliza kwa makini zaidi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sauti za moyo hufundishwa vizuri kwa uigaji ulio wazi, unaorudiwa kidogo kidogo, wenye masahihisho ya papo hapo, na unaomalizikia kwa mtu halisi. Tumeonyesha pia kwamba zana ghali si sharti, na kwamba mafunzo ya siku moja, hata yakiwa mazuri, yanaweza kuishia kwenye chumba cha mafunzo.

Tunawaomba wakufunzi watenge dakika chache za kila wiki kwa vipindi vidogo, na wasizitoze alama. Tunawaomba wanachuo wasione haya kufundisha kwa mwigo, wala wasichoke kurudia. Nanyi mtakaopangwa Katavi, njoni mkiwa mmekwisha fanya mazoezi. Watoto wa huku hawahitaji mwalimu aliyesikia mengi juu ya kufundisha. Wanahitaji yule anayejua kusikiliza.